Mtani wa Chumba Namba Sita

Mimi nina mdomo. Sikatai, na mama yangu pale Makuyuni ameshalalamika mpaka amechoka. Kwa hiyo ninapoeleza habari za Sabiri, ijulikane tangu mwanzo kwamba zinaelezwa na mtu asiyejua kunyamaza, na kwamba kuna mahali nilimkosea vibaya. Nitafika hapo, wala sitapakimbia.

Tulianza pamoja mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu, kwenye tawi la chuo kikuu hapa Korogwe. Tawi lenyewe ni dogo: majengo manne, hosteli mbili, mgahawa mmoja wenye maharage yasiyoisha, na nyuma yake mashamba ya mkonge yanayokwenda mpaka macho yachoke. Sabiri alitoka Sindeni, upande wa Handeni. Ni mrefu wa kuinama milangoni, na mwezi mzima wa kwanza hakuna aliyeijua sauti yake. Majina yakiitwa sisi tulijibu "nipo", yeye alinyoosha mkono. Sasa Dkt. Metito, mhadhiri wetu wa mbinu za kufundisha, huita majina macho yakiwa kwenye karatasi, kwa hiyo mkono hauoni. Wiki tatu mfululizo Sabiri aliandikwa hayupo, na yupo pale pale, kiti cha mwisho karibu na dirisha, mkono juu.

"Si useme tu?" nilimwuliza siku moja.

Akatabasamu, akaangalia viatu vyake.

Nilikereka. Kwetu tulizaliwa tisa, na asiyepaza sauti mezani alilala na njaa, kwa hiyo ukimya niliuona ni maringo ya mtu aliyelelewa peke yake. Kumbe hata mgahawani alikuwa anateseka. Mpishi akiuliza "wali au ugali?" Sabiri alichelewa kujibu, foleni ikaguna, akawekewa ugali. Alikula ugali muhula mzima. Nilikuja kujua baadaye kwamba anapenda wali.

Obadia, kijana wa Mpale aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, ndiye aliyetuambia kwamba sauti anayo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Sabiri alikwenda nyuma ya tangi la maji kumpigia mama yake simu, na huko aliongea Kizigua na kucheka kama watu wengine. Obadia alituambia na jambo la pili, ambalo Sabiri alimwambia kwa kunong'ona: kule Sindeni, mnadani, watu walishaanza kumwita baba yake Baba Mwalimu. Mzee Mustapha aliitika jina hilo kwa furaha, na kila aliyemwita hivyo alikuwa anamfunga mwanawe kamba nyingine.

Ualimu una mtihani ambao hauandikwi. Unasimama mbele ya wenzako, wao wanajifanya kidato cha pili, unawafundisha dakika ishirini huku mhadhiri anakupima. Ukishindwa somo hilo huendi shuleni kwa mafunzo ya vitendo mwisho wa mwaka, na usipokwenda vitendo unarudia mwaka mzima. Tuligawanywa makundi ya watu watano. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi letu, Sabiri na Obadia wakiwemo, na alama ya kila mmoja iliingia kwenye alama ya kundi. Ndiyo sababu nilijipa haki ya kumkalia kooni.

Zamu yake ilipofika tulikuwa chumba namba sita. Alichagua kufundisha juu ya mto Pangani. Aliuchora ubaoni kwa chaki tatu za rangi, tangu milimani, kupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, kupitia kwetu Korogwe, maporomoko ya Hale, mpaka baharini, na nasema kweli sijawahi kuona mto uliochorwa vizuri vile. Halafu akageuka kututazama. Akafungua mdomo. Saa ya ukutani ilitembea dakika nne nzima, yeye amesimama, chaki inakatika vipande mkononi. Mwisho akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavirudisha kwenye boksi, akatoka nje.

Dkt. Metito alivua miwani. "Nitampa nafasi ya pili," alisema. "Ijumaa ya mwisho ya muhula. Baada ya hapo sina kingine cha kumpa."

"Na alama zetu, daktari?"

"Msaidieni mwenzenu, Loveness."

Msaada wangu ulikuwa ni kuweka kiti mbele yake kila jioni na kusema, "Haya, ongea." Nilimsaidia hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu Obadia akanivuta pembeni, akaniambia begi la Sabiri limeshafungwa na liko chini ya kitanda. Anasubiri tu apate namna ya kumwambia baba yake.

Sasa tufike pale.

Asubuhi moja nilikwenda darasani mapema, saa kumi na mbili na nusu, niandae ubao kwa ajili ya zamu ya kundi. Nikiwa kwenye baraza nikasikia sauti kutoka chumba namba sita. Sauti kubwa ya kiume, safi, isiyo na kigugumizi.

"Mzee gani wewe! Meno yamekuhama moja moja kwa kuchoka maneno yako! Sogeza hilo guu nifagie, mbeba mizigo mkubwa wewe!"

Nikachungulia. Aliyekuwa anasema ni Sabiri, ameshika ufagio. Na aliyekuwa anaambiwa ni Mzee Fransisko.

Mzee Fransisko alikuwa mtunza funguo wetu. Alifungua vyumba asubuhi, akagawa chaki, akahesabu viti, na mchana alipita na koti lake la buluu, anachechemea, anatikisa shada la funguo na kupiga kelele, "Toka, toka, nafunga!" Mimi alinisalimu kwa Kisambaa kila siku, tena Kisambaa cha ndani kuliko changu, nikamhesabu kuwa mzee wetu wa milimani. Yaani babu yangu kabisa. Na huyu kijana ambaye kwa wiki tatu nilimbembeleza aseme neno moja, anamtukana!

Sikusubiri kusikia mzee atajibu nini. Mzee mwenyewe aliniona nikiingia, akachukua funguo zake akaenda kufungua vyumba vingine, na mimi nikamwangukia Sabiri.

"Kumbe mdomo unao! Wa kumtukana mzee unao, wa kufundisha huna!"

Wenzetu walianza kuingia, nami sikupunguza sauti. Dkt. Metito alipofika nikasimama nikamweleza mbele ya darasa zima, neno kwa neno, meno na guu na mizigo. Daktari akamgeukia Sabiri.

"Ni kweli uliyasema hayo?"

Sabiri alisimama. Midomo ilimcheza. Angeweza kueleza kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo haikutoka. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu maneno aliyasema kweli. Daktari akamwagiza akamwombe mzee radhi, basi, tukaendelea na somo. Mimi nikakaa nimejaa, nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Siku mbili baadaye, nimeketi mgahawani, Mzee Fransisko akanijia. Hakunisalimu. Aliweka funguo zake mezani kwa kishindo.

"Wewe binti, mtani wangu umemfanya nini?"

"Shikamoo mzee. Mtani yupi?"

"Mzigua wangu! Yule mrefu. Leo asubuhi kanijia na shikamoo. Mimi! Kapiga na goti, eti mzee naomba unisamehe. Nani kamfundisha uchafu huo?"

Nikabaki nimeshika kijiko. "Mzee, kwani wewe si Msambaa?"

Alicheka kwa hasira, kama mtu aliyeambiwa kitu kisichowezekana. "Nani kakwambia? Mimi Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge. Nimezaliwa kambini hapo nyuma, Kisambaa nimekiokota nikicheza na wenzio, Tabora yenyewe sijaiona. Lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na Mzigua ni mtani wangu toka babu zetu wanapita kwao na mizigo kwenda Pwani."

Utani ninaujua, nani asiyeujua? Nimeshaona watu wazima wakitukanana mpaka machozi ya kicheko yanawatoka, na asiyewajua angekwenda kuita polisi. Lakini sikuwa nimeuliza. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nikaukata, nikaupeleka kwa mhadhiri.

"Sikiliza," akasema mzee, na sasa sauti ilishuka. "Shikamoo ninapewa na chuo kizima. Kila mtoto ananipa na kupita. Watani wangu wa zamani wamekwisha kufa. Nilikuwa nimepata mtu mmoja wa kunitukana asubuhi. Umeninyang'anya."

Akaokota funguo, akaenda zake akichechemea, na chakula changu sikukimaliza.

Nilimwomba Sabiri msamaha jioni ile ile, na kesho yake nikausema mbele ya darasa, kwa sababu kosa nililifanyia hapo. Nilisema ni ujinga wangu, na nikasema kwa nini. Sabiri aliniangalia kwa mara ya kwanza machoni, akasema, "Haina shida." Hayo ndiyo maneno mawili ya kwanza aliyonipa. Lakini asubuhi hakurudi kumsaidia mzee kufagia chumba namba sita, na begi lilibaki chini ya kitanda.

Aliyemrudisha ni mzee mwenyewe. Jumamosi, jua limeshapanda, wavulana wanafua nguo uani, Mzee Fransisko alikuja akasimama chini ya dirisha la hosteli yao.

"Mzigua! Toka humo! Babu zetu walipita kwenu Handeni na pembe za ndovu mabegani, babu zenu wakajificha vichakani wakiwachungulia. Ndiyo maana na wewe unajificha nyuma ya darasa! Ni ugonjwa wa ukoo!"

Wavulana waliacha kufua. Sisi wasichana tukatoka hosteli ya pili kutazama. Mzee akaendelea, akamsema Sabiri na urefu wake usiokuwa na faida hata ya kuangulia papai, mpaka dirisha likafunguka. Sabiri akatoa kichwa.

"Hawakujificha," akasema, si kwa sauti kubwa, ila sote tulisikia. "Walikaa mbali kwa sababu mlinuka. Mlikuwa hamjaoga tangu Tabora."

Mzee Fransisko alijishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini kwenye karo la kufulia. Na mimi, niseme tu ukweli, nililia.

Kuanzia Jumatatu Sabiri alirudi kufagia, na mzee akawa mwanafunzi wake. Nilikuwa naamka mapema na kukaa barazani nje ya chumba namba sita, nisionekane, kwa sababu nilishajifunza faida ya kusikiliza mpaka mwisho. Sabiri alichora mto, mzee akakaa kiti cha mbele na koti lake la buluu.

"Mto unaanzia wapi, mwalimu?"

"Unaanzia mahali penye baridi, ambapo Mnyamwezi hawezi kufika."

"Uongo! Nani alibeba mawe ya daraja?"

"Alibeba akiwa analia. Nyamaza, nakufundisha maporomoko."

Ilikuwa hivyo wiki tatu. Mzee akamwahidi kwamba Ijumaa ya mtihani atasimama mlangoni na funguo zake, na Sabiri akinyamaza atamfungia ndani mpaka likizo iishe. Obadia alituambia begi limefunguliwa, mashati yametundikwa.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, chumba namba sita hakikufunguliwa. Wala cha tano, wala maktaba. Tulisimama nje na madaftari yetu mpaka saa mbili, Sabiri mbele yetu sote, karibu kabisa na kitasa. Kisha akaja mtu wa ofisi akatuambia. Mzee Fransisko alianguka nyumbani kwake akiwa anavaa viatu aje kazini. Presha. Hakufika hospitali.

Ufagio Sabiri alikuwa nao mkononi, maana alikuwa akiuhifadhi nje nyuma ya nguzo. Akauegemeza ukutani, akaondoka.

Tulizika siku ya pili yake, kambini, kule alikozaliwa. Chuo kilitoa basi. Watu walijaa mno: wakata mkonge wa zamani, wafanyakazi wa chuo, jumuiya ya kanisani kwake, na majirani wa kila kabila. Sabiri alikaa mwisho wa turubai na kofia yake ya kiislamu kichwani, magoti yamemfika kifuani kwa udogo wa benchi. Watani wengine walikuwepo, Wazigua watu wazima wa mjini waliokuwa wakichokoza wapishi na kudai nyama. Lakini jeneza lilipotolewa nje, mjane, Bibi Evodia, alisimama akatazama huku na huku.

"Mtani wake yuko wapi? Huyo wa chuo. Mzigua mrefu."

Watu wakageuka. Mimi nilikuwa upande wa akina mama. Nilimwona Sabiri anainamisha kichwa kama siku ile ya ubaoni. Nikajua ataondoka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, watu mia tatu, mwacheni.

Bibi Evodia alimfuata mpaka alipo. Alikuwa amebeba lile koti la buluu, na juu yake shada la funguo kuukuu, za vitasa vilivyokwishang'olewa, ambazo mzee hakukubali kuzitupa. Alimwekea tu mapajani.

Sabiri alivishika vile vitu kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akalivaa koti. Mikono ya koti ilimwishia chini kidogo ya kiwiko. Akaanza kutembea kuelekea kaburini akichechemea, mguu ule ule wa kushoto, bega lile lile limeshuka, akatikisa funguo, na akapaza sauti ambayo sote tuliijua.

"Toka, toka, nafunga!"

Halafu Bibi Evodia akacheka, kicheko kilichomponyoka na machozi kwa pamoja, na nyuma yake kambi nzima ikacheka. Sabiri alisimama katikati ya njia akatanua mikono mbele ya wabeba jeneza. Katekista alisubiri, maana alishazika wengi na hili alilijua.

"Huyu haendi," Sabiri alisema. "Ameniahidi Ijumaa atasimama mlangoni. Leo Jumatano anakimbia. Babu zake walibeba mizigo Tabora mpaka Pwani hawakutua njiani, yeye kuvuka siku mbili tu kumemshinda? Mnyamwezi gani huyu? Mrudisheni, akanisikilize kwanza."

"Mtani, tuachie njia," wazee wakambembeleza.

"Sitoki. Nipeni kitu chake."

"Chukua koti, baba," akasema Bibi Evodia. "Limeshakuwa lako."

Sabiri akashusha mikono, akajiweka pembeni, jeneza likapita. Akafuta uso kwa ile mikono mifupi ya koti, bila kujificha. Upande wa pili wa njia Dkt. Metito alikuwa amevua miwani tena, na hakuwa anaisafisha.

Ukiniuliza siku ile ningekwambia Sabiri amepona. Mtu aliyesema mbele ya kaburi atashindwaje mbele ya ubao? Lakini alishindwa. Ijumaa alikuja amevaa shati jeupe, koti akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali mzee alipozoea kulitundika. Akauchora mto vizuri kama kwanza. Akageuka. Akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Dakika ya kwanza ikapita. Dkt. Metito alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Dakika ya pili. Sabiri hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anautazama mlango, na pale mlangoni hapakuwa na mtu. Msibani alipewa koti, akapewa funguo, akapewa kazi ya kufanya. Hapa alikuwa peke yake na jina lake. Nikasikia chaki inakatika.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua tu kwamba nilijikuta nimesimama.

"Wewe Mzigua!" nikapiga kelele. "Unangoja mto ukauke? Fundisha, tuna njaa!"

Kila mtu pale alijua nilichomfanyia katika chumba hicho hicho. Obadia alijifunika uso kwa daftari. Dkt. Metito aliinua kichwa, na mimi nikasimama pale na mdomo wangu, nikidhani mara hii ndiyo nimemmaliza kabisa.

Sabiri akaacha kuutazama mlango, akanitazama mimi.

"Loveness," akasema. "Kaa chini."

Sikukaa.

"Wewe ni Msambaa. Msambaa na Mzigua ni wana wa Seuta, wametoka nyumba moja. Utani na mimi huna." Sauti ilikuwa ndogo bado, lakini haikutetemeka. "Wewe ni ndugu yangu. Na ndugu akifundishwa, ananyamaza. Kaa."

Watu walilipuka kwa kicheko. Nikakaa. Nimewahi kunyamazishwa na wengi, walimu, wachungaji, mama yangu kwa mwiko, na mara zote nilichukia. Siku ile nilikaa nikiwa na furaha ambayo mpaka leo sijaisahau.

Sabiri akageukia ubao. "Mto Pangani," akasema, "unaanzia mahali penye baridi, ambapo Mnyamwezi hawezi kufika." Akalitupia jicho lile koti la msumarini, akaendelea. Alifundisha dakika kumi na saba. Maporomoko ya Hale aliyakimbiza kidogo, na mara mbili alisahau kutuuliza maswali. Alama zake hazikuwa za kujivunia, na chini yake Dkt. Metito aliandika: aongeze sauti. Lakini alifaulu.

Sasa hivi tuko kwenye mafunzo ya vitendo. Mimi nipo shule moja hapa hapa Korogwe, ambako wanafunzi wameshanipa jina la redio. Sabiri yuko shule ya sekondari upande wa Handeni, si mbali na kwao, na baba yake, Mzee Mustapha, huenda mnadani kila wiki hata kama hana cha kununua. Mimi na Sabiri hupigiana simu Jumapili. Mimi naongea, yeye anasema "mm", na mara moja moja anacheka.

Juzi nilimwuliza darasa lake likoje. Akafikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Yupo mmoja," akasema. "Msichana wa kidato cha pili, kutoka maboma ya Wamasai. Nasinkoi. Anakaa kiti cha mwisho."

"Haongei?"

"Haongei."

"Sasa unamfanyaje?"

"Simfanyi kitu," akasema Sabiri. "Nikiita majina, naangalia mikono."